Mchuzi Mmoja, Siku Saba

Jumamosi, tarehe 10 Januari
Mama ameteguka kifundo cha mkono wa kulia. Daktari amesema asiinue sufuria kwa juma zima. Nilipokea habari hii kwa huzuni inayofaa, kisha nikaenda chumbani kuchukua daftari langu.

Mambo yako hivi. Abti Mohamednoor, kaka yake mama, ana duka la nguo Banissa na anatafuta mtu wa kulisimamia. Mimi nina digrii na sina kazi, kwa hiyo mtu huyo ni mimi. Banissa! Siku mbili barabarani, na huko simjui mtu. Nimemwomba mama anijaribu kwanza. Nikilisha nyumba hii juma moja bila mtu kulalamika, nibaki hapa Waberi, mjini Garissa, niandike kitabu changu cha mapishi mepesi ya nyumbani. Mama akafikiri. Akasema haya, ila Ayeyo, mama yake, anafika Alhamisi kutoka Diff, kule mpakani, na neno la mwisho ni la Ayeyo.

Fosia, mke wa kaka yangu Hared, alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, abaayo, dada yangu, jiko unajua liko upande gani? Fosia hapimi chochote. Chumvi anairusha kwa vidole huku anaongea na simu. Na watu wanakula!

Jumapili, tarehe 11 Januari
Mpango wangu: mchuzi mmoja wa msingi. Vitunguu, nyanya, saumu, bizari, mafuta. Unapikwa mara moja, unakaa kwenye friji, kila siku unabadilishwa kitu kimoja tu. Kesho nyama na wali. Keshokutwa pasta. Kisha maharagwe. Kisha mayai na mkate mwembamba wa anjera. Mpishi hachoki, mlaji hachoshwi. Nimeandika yote kwa wino wa rangi mbili.

Nimepika lita nane. Fosia alipita, akachungulia sufuria, akauliza nani anaoa.

Jumatatu, tarehe 12 Januari
Wali ulitoka vizuri, punje kwa punje. Tatizo ni ndizi. Watu wa nyumba hii hawali wali bila ndizi mbivu kando ya sahani. Tonge la wali, kipande cha ndizi. Nimelitafakari jambo hili tangu utotoni, na halina mantiki. Ndizi ni kitu cha kumalizia. Basi nilizikata, nikazinyunyizia mdalasini, nikazificha jikoni nizilete mwishoni.

Hared alikaa mbele ya sahani bila kuigusa. Akauliza kama ndizi zimeisha Garissa nzima. Nikamweleza nadharia yangu. Alinisikiliza kwa adabu, akasema tumbo lake halikufika chuo kikuu. Fosia akainuka, akarudi na bakuli langu. Wakala wali kwa ndizi za mdalasini! Mama akasema si mbaya.

Nimeandika: malalamiko hakuna, swali moja.

Jumatano, tarehe 14 Januari
Stima ilipotea jana asubuhi, imerudi leo saa nane mchana. Jana tuliponea pasta. Leo mchuzi umechacha. Lita tano! Nikatangaza kwamba uchachu ndio badiliko la leo. Hared alionja, akakumbuka kwamba ana shughuli mjini.

Fosia akakata nyama vipande vidogo, kitunguu, pilipili hoho, chumvi ya vidole. Suqaar tayari kwa dakika ishirini. Bila daftari. Nilikula sahani mbili ili niichunguze.

Mama ameniambia kwa upole kwamba sasa nimebakiwa na Ayeyo tu.

Alhamisi, tarehe 15 Januari
Ayeyo amefika, mdogo na mkavu kama kuni, na kibuyu cha susa kifuani. Susa ni maziwa ya ngamia yaliyoachwa yakachacha kidogo. Tulikunywa yote. Kesho mwanamke wa maziwa ataleta mengine, na Ayeyo amenipa mimi kazi ya kuyatia kibuyuni. Mimi, si Fosia! Fosia alijitolea kunionyesha. Nikamwambia kumimina maziwa najua.

Nikachungulia ndani ya kibuyu. Cheusi! Masizi matupu, na harufu ya moshi. Ayeyo alisema kwa fahari kwamba kibuyu hiki kina miaka arobaini na hakijaguswa na sabuni hata siku moja.

Maskini. Miaka arobaini, na hakuna aliyejitolea kumsaidia.

Ijumaa, tarehe 16 Januari
Wanaume wameenda msikitini, Ayeyo amejilaza. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, malimau sita, brashi. Maji yalitoka meusi mara nne. Mara ya tano yakatoka safi, nami nikakaribia kulia kwa furaha. Nikamimina maziwa, nikaongeza iliki. Badiliko dogo, la kuvutia.

Jumamosi, tarehe 17 Januari
Ayeyo alionja. Akanusa kibuyu. Akaonja tena, kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Kisha akauliza taratibu kibuyu chake kimekufa lini, maana ameona kimeoshwa kama maiti.

Fosia hakucheka. Hilo liliniuma kuliko kicheko. Alimwaga maziwa, akachukua kijiti kinachowaka, akakizungusha ndani ya kibuyu, kisha akafunika kibuyu moshi ukiwa ndani. Akanieleza bila kuniangalia kwamba moshi ndio unaosafisha, moshi ndio unaotunza maziwa, na ladha yenyewe ndiyo hiyo. Ayeyo akasema itachukua mwaka kuirudisha.

Jioni nilimsikia mama kwenye simu, akimuuliza Abti basi la Banissa linaondoka siku gani. Nikakaa kitandani na daftari mapajani. Sikuandika mapishi yoyote.

Jumapili, tarehe 18 Januari
Siendi Banissa!

Asubuhi Ayeyo alimwambia mama kwamba huyu mtoto haachiwi duka la mtu. Atafua nguo zote kabla hazijauzwa. Badala yake nitakwenda naye Diff, nikae huko mpaka mvua zinyeshe. Nikae karibu naye, nitazame, nisiguse kitu mpaka niambiwe. Mama alikubali haraka mno. Fosia alinikumbatia, akasema, abaayo, huko mikono yako iweke mfukoni.

Maana yake iko wazi. Ayeyo ametambua kipaji changu. Mtu habebwi hadi mpakani bure. Nilimuuliza ana vibuyu vingapi kwake. Kumi na kimoja. Kumi na kimoja, na vyote vyeusi!

Nimepitia kazi ya Ijumaa hatua kwa hatua, nikaliona kosa: malimau yalikuwa mengi. Matatu yanatosha. Nimeshafunga mizigo. Nguo chache, brashi nne, na katoni ya sabuni chini kabisa, imefunikwa kwa shuka. Nataka Ayeyo aione tukishafika.