Gari la Charo Limewaka

Habari ilifika kijiweni kabla ya mwenyewe. Muuza maziwa mmoja wa Ganda alipita na baiskeli yake akasema gari la Charo limewaka, kisha akakanyaga pedeli akaenda zake bila kufafanua. Kwa hiyo Charo alipoegesha gari mbele ya duka la spea la Mwikali, pale Malindi, saa tatu asubuhi ya Jumamosi, aliwakuta wenzake kwenye benchi wameshamaliza kumlilia. Joram, karani wa mahakama, ambaye kwa kupenda kutoa hukumu walimwita Jaji, alikuwa amevua kofia. Karisa, dereva mstaafu wa lori aliyejulikana kama Tani Saba, alimkagua Charo toka juu mpaka chini akitafuta palipoungua.

"Tumeambiwa limewaka," alisema Jaji.

"Limewaka taa," akajibu Charo.

Jaji akarudisha kofia kichwani, na ilionekana wazi kwamba habari imempungukia utamu.

Charo alikuwa karani wa ushirika wa korosho. Gari alilinunua kwa Mzungu mmoja wa hoteli aliyekuwa akirudi kwao, na mwaka ule wa themanini na tisa magari yenye taa ya namna ile yalikuwa ya kuhesabika pale mjini. Akawaeleza wenzake jinsi alivyotoka nyumbani salama, akapita kona ya Ganda, na hapo kijitaa chenye picha ya mashine kikamkodolea jicho kutoka chini ya usukani. Alikuja mpaka mjini akisali kwa sauti.

Ingekuwa siku nyingine angeliacha hilo gari likapumzika. Lakini saa tisa alitakiwa awe hospitali ya Kilifi kumchukua mama mkwe wake, Kadii, aliyekuwa ametolewa mtoto wa jicho. Kadii hakuwahi kuficha maoni yake. Alikuwa akisema kwamba mtu ambaye baiskeli ilimshinda, mnyororo ukamkatikia kila wiki, hana haja ya kutafuta magurudumu manne. Charo naye, kwa uchungu, aliapa mbele ya kaka zake Kadii kwamba mama huyo hatarudi kwake Jilore kwa basi. Kiapo cha ukweni hakifutwi kwa sababu ya kijitaa.

Basi benchi likafungua kesi. Tani Saba alitangulia, akasema ameendesha lori Mombasa mpaka Lamu miaka ishirini bila taa ya kumsimanga. Gari lake lilipotaka kusema naye lilitoa moshi, na yeye alilielewa. Kwa maoni yake taa ile ilikuwa ikilia oili, kama mtoto anavyolilia ziwa. Kabla Charo hajajibu, mzee akafunua boneti, akachukua mkebe wa oili uliokuwa kwenye buti, akaumimina wote mpaka tone la mwisho. Kijiti cha kupimia hakukigusa.

Gari likawashwa, taa ikabaki inawaka.

Jaji akatikisa kichwa, akasema sasa ni dhahiri mgonjwa si mashine, mgonjwa ni taa yenyewe. Walioliunda gari waliitia hapo ili watu wasiache kwenda gereji, na shahidi anayerudia neno moja kutwa hafai kusikilizwa. Akatoa plasta mfukoni, maana asubuhi ile alikuwa amejikata akinyoa ndevu, akaibandika juu ya taa na kuikandamiza kwa dole gumba.

"Kesi imefungwa," alisema.

Moyoni Charo alijua kwamba hakuna kilichotengenezwa. Lakini jicho lile lilipoacha kumtazama aliona mwili unamlegea kwa raha. Akaketi, akaagiza kahawa ya pili, akacheka kwa mara ya kwanza tangu kulipokucha.

Mwikali alikuwa ameyasikia yote akiwa ndani ya duka. Alikuwa mjane wa Kikamba aliyefika Malindi na mumewe, fundi wa magari. Mume alipofariki alimwachia duka, vyombo vya kazi na daftari lake. Kwa miaka kumi mama huyo ndiye aliyemshikia tochi, na mshika tochi huona yote anayoyaona fundi. Akatoka nje akijipangusa mikono.

"Bwana Charo, hiyo taa ilikuwa ya rangi gani?"

"Ya chungwa."

"Na hii plasta imeziba taa ngapi?"

Hilo hakuna aliyekuwa ameliwaza. Mwikali akaibandua. Chini yake palikuwa na ile ya chungwa, na ubavuni pake nafasi ya taa nyekundu ya oili, ambayo kwa bahati ilikuwa imelala. Akawaambia kwamba kama ile ingewaka njiani, Charo angeenda nayo mpaka mashine ikaganda, na plasta yake juu.

"Nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka, weka gari pembeni uzime hapo hapo," alisema. "Ya chungwa inakwambia mashine inaumwa ila bado inatembea. Nenda polepole, utafute wa kuitazama siku hiyo hiyo. Lakini ikianza kupepesa na gari linatikisika, simama, usishindane nayo."

Jaji akauliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Mwikali akafungua kisanduku mbele ya kiti cha abiria, akatoa kitabu cha gari ambacho Charo hakuwahi hata kukivua nailoni yake.

Kisha akafanya jambo ambalo benchi lile halijawahi kuliona. Alikata kipande cha waya, akakichomeka kwenye matundu mawili ya kijisanduku kilichokuwa chini ya boneti, akamwambia Charo azungushe ufunguo bila kuwasha mashine. Taa ikaanza kupepesa kwa mpango. Mara mbili, ikapumzika, mara mbili tena. Benchi zima likahesabu kwa sauti. Tani Saba peke yake alipata tatu.

Mwikali akafungua daftari la marehemu, alimoandika maana ya kila hesabu, akapitisha kidole. Mbili na mbili ilikuwa waya wa kipimo cha joto la maji. Mashine ilikuwa haijui kama ina homa au ina baridi. Akaufuata waya ule kwa vidole mpaka nyuma ya mashine, na huko akakuta kiota cha panya, cha makumbi ya nazi na maganda ya korosho. Waya ulikuwa umetafunwa ukabaki uzi. Charo akakumbuka kwamba kila jioni huliegesha gari lake kwenye ukuta wa ghala la ushirika. Jaji, aliyekuwa ameshaanza kutaja jirani mmoja mwenye kijicho, akainamia kikombe chake cha kahawa.

Waya ukaungwa, ukazungushiwa utepe. Gari likawashwa, taa ikalala. Charo alirukia kiti cha dereva, lakini Mwikali alikuwa ameshachomoa kijiti cha oili.

"Mzee Karisa, hii ni mashine au kibuyu cha tembo la mnazi?"

Akaeleza kwamba oili ikizidi nayo huua mashine, tena huenda ikaiua kabla ya panya. Akahukumu kwamba aliyejaza ndiye apunguze. Tani Saba akaingia uvunguni na shati lake jeupe la Jumamosi, na kwa robo saa kilichoonekana ni miguu tu.

Saa tisa kasoro Charo alikuwa Kilifi. Kadii alitoka wodini ameshikwa mkono na bintiye Idah, mkewe Charo, jicho lake limefunguliwa, akitazama kila kitu kama mtu aliyerudishiwa dunia. Aliketi mbele. Charo alipozungusha ufunguo taa zote zikawaka pamoja, na mkono wa mama ukaenda mlangoni.

"Mkwe wangu, mbona zimewaka zote?"

Charo akaona zamu yake imefika. Akamweleza kwa ufundi kwamba taa hujionyesha kwanza kuwa zi hai, na ile isiyowaka mwanzoni ndiyo ya kutiliwa shaka. Mashine ikinguruma zitalala. Akawasha. Zikalala zote, isipokuwa moja. Nyekundu.

Akazima upesi, akashuka, akafunua boneti na kuikodolea mashine asijue pa kuanzia. Kadii alibaki kitini, akipeleka jicho lake jipya huku na huku.

"Charo," aliita kwa upole. "Huu mkono uliosimama hapa katikati ni wa nini?"

Ilikuwa breki ya mkono. Charo akarudi, akaishusha, na taa ikalala. Idah kule nyuma alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika.

"Hili gari nimelipenda," alisema Kadii, akijiweka sawa. "Mwenyewe akisahau, lenyewe linakumbuka. Twende."

Jumatatu Charo aliwasimulia wenzake safari yote, kituo kwa kituo. Alipofika kwenye breki ya mkono alikohoa, akahamia Jilore. Ila Idah alikuwa ameshapita dukani kwa Mwikali asubuhi ile, eti kununua chumvi ambayo haiuzwi pale, na habari ya breki ilikuwa imeshafika kwenye benchi kabla ya mwenyewe.