Kuhusu Udongo wa Ofisi Ulioliwa Ziwani

Ziwani, Nairobi
Machi 1957

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi ya Kupima Mawe,

Bwana mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa kukuchukulia wakati. Mimi ni Adoyo, dada yake Phares, mchukuzi wa mizigo ya wapima mawe wako. Ningekuja mwenyewe, lakini nikifika mbele ya meza ya ofisi sauti hunikimbia.

Phares ameambiwa asirudi kazini kwa sababu mfuko wa udongo mweupe aliotoka nao safarini umepotea. Haukupotea, bwana. Umeliwa. Jumamosi alikuta ofisi imefungwa, akaja nao nyumbani, na mkewe, wifi yangu Apondi, ni mjamzito. Nadhani umeelewa. Lakini kosa ni la ofisi, kwa sababu hizi:

1. Mfuko uliandikwa "K 14" basi. Apondi hajui K 14. Anajua udongo wa kutafuna, kama ule anaonunua sokoni, na huu ulikuwa mzuri zaidi.

2. Nimemaliza darasa la nane. Najua shaba ya Rhodesia na makaa ya mawe ya Uingereza. Kuhusu mawe ya Kenya sikufundishwa hata sentensi moja. Ningemwonya wifi kwa elimu gani?

3. Phares anasema mlitaka kujua kama udongo huo unafaa kutengenezea vikombe. Mngetuuliza. Jirani yetu Mama Waridi alionja kipande akasema, "Wee Apondi! Huu hauna mchanga hata chembe. Mwambie mumeo arudi huko huko!" Hayo ni matokeo ya uchunguzi, bwana, tena hayakuhitaji mashine.

4. Kwa hiyo mwenye habari kamili za K 14 Nairobi nzima ni Apondi. Badala ya kumfukuza mumewe, ingefaa mmwajiri na yeye, walau mpaka ajifungue.

Naomba Phares arudishwe kazini, maana mtoto yu njiani na sote tunamtegemea kaka yangu. Naomba pia kila mfuko uandikwe kwa Kiswahili wazi: ni udongo gani, umetoka wapi, una nini ndani. Watu wakishajua, hawatagusa mali ya ofisi.

Nisalimie makarani wote, dereva wa lori, na yule mzee wa mlangoni aliyeniuliza shida yangu nikakimbia.

Ni mimi, mwenye heshima na matumaini,
Adoyo

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Nahashon, mwenzake Phares kazini, ametuletea mfuko mwingine wa udongo ule ule ili Phares aurudishe Jumatatu. Nimeuandika mwenyewe kwa herufi kubwa, uwe mfano wa ombi langu: UDONGO MWEUPE, LAINI, SAFI, HAUNA MCHANGA. Apondi ameusoma kwa sauti. Mama Waridi amekuja na sahani, na nyuma yake wanawake wengine wawili. Imebaki robo ya mfuko, na nimeikalia nikiandika haya. Tafadhali tuma gari upesi, na mifuko iendelee kuandikwa namba.