Mwenyekiti Aenda Kuisomea Baridi Kwao

Wanachama wote wa Umoja wa Waswahili wa Lewisham na Vitongoji Vyake wanaarifiwa kwamba tatizo la baridi ukumbini limepatiwa ufumbuzi wa kudumu: Mwenyekiti anasafiri.

Ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa mlangoni Julai ya mwaka 2003, na Bwana Titus Wanjohi, aliyeliandika, alilisoma mara mbili asione kasoro. Hita ya ukumbi ilipokufa majira ya baridi yaliyopita, mtu mwepesi angekurupuka kumwita fundi. Yeye aliunda kamati. Kamati, baada ya chai nyingi, ikabaini kwamba adui usiyemjua hupigani naye, hivyo baridi sharti ikasomewe kwao. Kwao baridi ni Aktiki. Ikapatikana meli ya watalii inayozunguka kati ya barafu na kutia nanga kwenye vijiji vya Wainuiti, wenyeji wa huko, na fungu la hita likapandishwa cheo likawa fungu la utafiti.

Siku ya kuondoka, Mama Plamedie, kiongozi wa akina mama wanaokutana ukumbini kila Alhamisi, alimfuata ofisini.

"Mwenyekiti, hita itatengenezwa siku gani? Koko Émilienne alikohoa mpaka Pasaka. Muzee ule, akikosa Alhamisi, hana mutu wa kusemesha. Anabaki na televizyo tu."

Hayo yalikuwa kweli. Koko Émilienne alikuwa bibi wa Bukavu anayeishi peke yake ghorofa ya juu kabisa, na Alhamisi ndiyo siku pekee aliyocheka.

"Ombi lenu limepokelewa," alisema Titus, akisogeza mguu karibu na hita ndogo ya umeme iliyofichwa chini ya meza yake kwa ajili ya kuhifadhi nyaraka. "Linafanyiwa kazi katika ngazi ya juu."

Ngazi ya juu ilikuwa ni ile ya kupandia melini.

Safarini kila abiria aligawiwa koti jekundu lenye manyoya shingoni. Wastaafu wa Kiingereza waliyavaa yao kutazamia dubu. Titus alilivaa lake kikazi. Kwenye kijiji cha tatu walishushwa pwani kwa mashua za mpira, wakapokewa na Bi Elisapi, mama mfupi mwenye miwani minene, mwenyekiti wa ukumbi wa kijiji. Titus alifurahi kukutana na mwenyekiti mwenzake.

Ndani ya ukumbi kulikuwa na ngoma, watoto wamejazana kwenye mabenchi, na mikate ya kukaanga iliyofanana kabisa na mandazi. Titus alivua koti. Baadaye akavua sweta. Mwishowe akalegeza tai, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake. Pembeni palikuwa na mtambo mkubwa unaonguruma na kupuliza hewa ya moto, akaomba uzimwe kidogo ili mazungumzo yasikike. Bi Elisapi alimtazama, akakataa kwa adabu.

"Sera yenu ya kukabiliana na baridi ikoje?" aliuliza Titus, kalamu mkononi.

"Tunaingia ndani."

"Na mkishaingia?"

"Tunafunga mlango."

Titus aliyaandika yote. Kisha akawatazama wale watu wanavyoimba mabega kwa mabega, jasho likimtiririka mgongoni, na pale pale utafiti ukakamilika: joto huletwa na umoja.

Wakati wa kuagana alimshika Bi Elisapi mkono kwa mikono yote miwili. "Na wewe siku moja karibu sana London, ututembelee," alisema, kama anavyosema mtu yeyote aliyelelewa vizuri, bila kukusudia lolote.

"Nitakuja," alisema Bi Elisapi.

Oktoba ripoti ilisomwa mbele ya wanachama waliovaa glavu. Hita ilitangazwa kuwa fikra potofu. Kuanzia siku hiyo, mwanachama atakayesikia baridi atamshika mkono jirani yake na kuimba. Atakayeendelea kusikia baridi baada ya beti tatu, uaminifu wake kwa Umoja utachunguzwa.

Alhamisi mbili Koko Émilienne aliimba. Alhamisi ya tatu hakuja. Mama Plamedie alipoleta habari kwamba bibi amelala na kifua, Titus alisikitika kwa dhati, akaandika kwamba idadi ya wanaolalamika imepungua.

Desemba ukafika Mkutano Mkuu, na diwani aliyealikwa kuwa mgeni rasmi akatuma udhuru. Titus alikuwa hajui afanye nini simu ilipolia. Ni Bi Elisapi. Alikuwa London kwenye maonyesho ya kazi za mikono, na alikuwa amealikwa, sivyo?

Mgeni rasmi kutoka Aktiki! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Titus alijisikia kupona papo hapo. Katiba ya Umoja, aliyoitunga mwenyewe ili watu wasibishane na wageni wake, ilikuwa na kifungu kinachosema tamko la mgeni rasmi hutekelezwa kabla ya chai. Ili mgeni ajisikie yuko nyumbani, aliamuru madirisha yote yafunguliwe, kisha yeye akavaa koti lake jekundu la melini.

"Chairman, are you serious?" aliuliza Makena, katibu, ambaye ni muuguzi. "Watu watakufa huku!"

"Ukarimu, Makena. Ukarimu."

Bi Elisapi aliingia, akaketi meza kuu, hakuvua koti. Pumzi za wanachama zilionekana hewani. Koko Émilienne naye aliletwa amefungwa mablanketi, kwani mgeni wa mbali haachwi bila kusalimiwa na wakubwa, akakohoa kuanzia sala mpaka risala. Mgeni alimtazama muda wote huo. Kisha akanong'ona na Mama Plamedie, akainuka, akaenda moja kwa moja kufungua mlango wa ofisi. Joto likamjia usoni. Akainama, akachungulia chini ya meza.

Aliporudi alisema kwa Kiingereza kifupi, Makena akitafsiri kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Anasema wazee wakae kwenye joto. Mwenye koti jekundu abaki ukumbini mpaka hita kubwa iwake. Na madirisha yafungwe. Amemaliza."

Makofi yalipigwa hadi glavu zikatoka. Kabla ya chai, kama katiba inavyotaka, meza ya Mwenyekiti ilikuwa imehamishiwa katikati ya ukumbi, na Koko Émilienne ameketi ofisini kwenye kiti cha ngozi cha Titus, miguu juu ya hita, anacheka.

Asubuhi iliyofuata Titus alimpigia fundi bila kuunda kamati. Fundi akasema anakuja Jumatatu. Ilikuwa ndiyo kwanza Alhamisi.

Mchana alijikaza, akaenda kugonga mlango wa ofisi yake, manyoya yamemfunika mpaka puani.

"Mama Plamedie, naomba niingie kidogo. Vidole sivisikii."

Ndani birika lilikuwa linachemka.

"Ombi lako limepokelewa, Mwenyekiti," ilijibu sauti. "Imba kwanza. Beti tatu. Joto itakuya."

Titus alitazama ukumbi wote, hakuona jirani wa kumshika mkono. Akaushika wake mwenyewe, akaanza kuimba.