Siku Tulipowapiga Marufuku Watu wa Sudi

Vizazi vijavyo vikiuliza vurugu ilianza lini, viambiwe ilianza Jumanne, saa tatu asubuhi, na kwamba Kilwa Masoko ilikuwa tulivu kabisa mpaka Fortunata alipofungua simu yake.

Fortunata anauza vocha na chapati kwenye meza moja, na kwa kuwa habari humfikia yeye kabla ya kumfikia mwenye habari, tunamwita Bi Mitandao. Meza yake iko hatua moja tu kutoka benchi letu, mbele ya duka lililofungwa, hatua chache kutoka stendi.

"Jamani, ile nchi kubwa ya ng'ambo imeongeza orodha," alisema.

"Orodha ya nini?" aliuliza Haruna. Haruna ndiye muuza kahawa, naye tunamwita Spika, maana ambaye hajamimina kikombe kwake hana ruhusa ya kuchangia hoja.

"Ya mataifa ambayo watu wake hawatakiwi kuingia. Wengine wamezuiwa kabisa, wengine nusu."

"Nusu ndiyo vipi? Kiuno kinaingia, miguu inabaki uwanja wa ndege?"

"Mimi nakusomea tu, Spika."

"Na sisi tumo?"

"Huyu kaandika tumo, huyu kaandika hatumo. Na huyu hapa anasema hawaangalii pasi, wanaangalia dini."

Haruna akaweka birika chini. "Basi mimi nimekwisha."

"Kwani ulikuwa na safari?"

"Sina safari! Sina hata pasi! Mwisho wangu Mbagala, na nilirudi siku ileile. Lakini sitaki kukatazwa! Mimi sili samaki mkunga tangu nizaliwe, ila siku mtu akija akaniambia, 'Haruna, wewe na ukoo wako mkunga marufuku,' nitamla mbichi, na miba yake!"

Aliyecheka kwa dharau ni mzee Jerome. Huyu alistaafu mahakamani, kazi yake ikiwa kupeleka hati za wito, na tangu siku hiyo kila hoja anaipa namba ya kifungu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Ndiyo maana akaitwa Kifungu.

"Kifungu cha kumi na tisa," alisema. "Mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo. Akikataa, amekataa. Tena mimi, mtoto wa Kikristo, nitapita pale nikipiga mluzi. Nafika dirishani, napiga ishara ya msalaba, mhuri paa!"

"Kama ni hiyo tu, mimi nitapiga mbili!" alisema Haruna.

"Wewe Kifungu kanisani ulionekana lini?" aliuliza Fortunata, ambaye ni mwanakwaya tangu utotoni. "Parokia imebadilisha mapadre watatu, wote wamehamishwa hawakujui. Ukiulizwa sala utawatajia vifungu."

Benchi zima likaangua kicheko, isipokuwa Abilahi. Abilahi ni fundi cherehani, mpole, futikamba shingoni muda wote kama stethoskopu ya daktari. Jina lake hapa ni Kesho, kwa sababu ukimuuliza ataoa lini hujibu hivyo, na ana miaka thelathini na saba. Lakini safari hii jambo lilikuwa la kweli. Posa yake kwa Umi ilikuwa imefika kijijini kwao Milola wiki tatu zilizopita. Baba yake Umi aliipokea kwa furaha na chai ya maziwa, kisha akasema lile neno ambalo huku kusini kila mposaji analiogopa: tumsubiri mjomba. Kwao Umi baba ndiye anayetoa chai, mjomba ndiye anayetoa jibu. Na tangu hapo Abilahi alikuwa hali wala halali, anasubiri mtu ambaye hajawahi hata kumwona.

"Ni uonevu," alisema sasa kwa sauti ya huzuni. "Mtu akikosea, kosa ni lake. Kwa nini wafungiwe na wenzake?"

"Mnalaumu kwa sababu hamjawahi kuwa na nchi," alijibu Kifungu. "Muwe nayo kwanza, muone."

Ndipo mimi, niliyekuwa likizo kutoka bweni na nisiyependa kuona wazee wakikosa elimu, nikatoa mchango wa kitaalamu. Nilisema benchi lina mipaka, lina raia, lina Spika, hivyo tayari ni nchi. Kilichopungua ni adui tu.

Macho ya Kifungu yakawaka.

"Sudi!" alisema.

Wote tulielewa. Wiki iliyopita mtu mmoja wa Sudi, kile kijiji cha pwani kule Lindi, aliyekuwa akisubiri basi aliomba kucheza drafti ili kupoteza muda. Akamfunga Kifungu mara saba mfululizo, ya saba akiwa anazungumza na simu.

"Lakini yule ni mtu mmoja," alisema Fortunata. "Sudi ina watu wangapi?"

"Ndiyo hatari yenyewe, mama! Kama mmoja amenifunga saba, wakija wote je?"

"Hilo ni suala la usalama," alikiri Haruna, akamimina kahawa kwa heshima ya hoja.

Kura zikapigwa. Fortunata alipinga peke yake, akaambiwa upinzani umesikika na ukae. Watu wa Sudi wakapigwa marufuku kukaa kwenye benchi, kunywa kahawa na kutazama drafti kwa karibu. Kifungu akawa Waziri. Mimi, kwa sababu ya mwandiko mzuri, nikawa Katibu, nikaandaa fomu kwenye karatasi ya katikati ya daftari langu la Jiografia. Na kwa kuwa mpaka unahitaji kitu cha kufunga njia, na mwenye kamba alikuwa mmoja tu, Abilahi akateuliwa Ofisa Uhamiaji.

Nilichoona baada ya hapo bado kinanisumbua kama mwanafunzi wa Uraia. Abilahi, mtu ambaye huomba radhi akikanyaga kivuli cha kuku, alifunga futikamba yake kutoka mguu wa benchi hadi meza ya Bi Mitandao, akarudi nyuma hatua moja, akaitazama. Kifua kikapanda. Hata sauti ikabadilika.

"Nyie wawili! Mnatoka wapi?"

"Abilahi, sisi si tunatoka kwako kuchukua sare za watoto?"

"Jibuni swali!"

Walikuwa kina mama wa Masoko, wakapita wakicheka. Mwendesha bodaboda akazuiwa, akasema, "Kausha, bro, usinizingue," akaruka kamba. Abilahi akaomba apewe kirungu. Waziri akamwambia bajeti haijapita.

Basi la kutoka Lindi likaingia stendi. Akashuka mzee mmoja mwenye kofia ya kushona kwa mkono, mwembamba, kikapu cha ukindu mkononi, mwendo wa mtu asiyedaiwa haraka. Akauliza jambo kwa muuza machungwa, akauliza tena kwa fundi baiskeli, kisha akaja moja kwa moja kwetu.

"Asalaam aleikum, wenyeji. Naomba kukaa, miguu imekufa ganzi."

Kwa umri wa mzee yule, Abilahi alipaswa kumpa shikamoo kabla hajamaliza kusalimu. Nilimwona midomo ikianza. Lakini Kifungu alimnong'oneza, "Ofisa hamwamkii mtu mpakani."

"Unatoka wapi, mzee?" aliuliza Abilahi, mikono nyuma.

"Sudi."

Nakiri kwamba benchi zima lilishtuka kwa furaha. Hatukutegemea kupata mtu halisi mapema hivyo.

"Simama hapohapo! Katibu, fomu!"

Nikasoma kwa sauti ya mkuu wa nidhamu. "Swali la kwanza. Unajua drafti? Kama unajua, unajua kiasi gani?"

"Najua kidogo."

"Kidogo!" Kifungu akapiga paja. "Hata yule alisema kidogo!"

"Swali la pili. Je, umewahi kumfikiria vibaya mtu yeyote wa Kilwa Masoko, hata usingizini?"

"Nilikuwa sijawahi," alisema mzee, "mpaka dakika hii."

"Andika: anatishia," alisema Abilahi. "Kikapuni mna nini?"

"Pweza mkavu. Zawadi ya watu."

"Pweza azuiwe kwa uchunguzi." Akakichukua kikapu, akampa Haruna, ambaye alianza uchunguzi kwa kunusa.

"Mpeni mzee wa watu maji angalau," alisema Fortunata. "Mna laana nyie?"

"Maji yako upande wa pili wa mpaka," alisema Abilahi. Hilo alilibuni mwenyewe, hakuambiwa na mtu.

"Hivi mimi nimefanya nini?" aliuliza mzee, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua njia.

"Wewe hujafanya kitu. Amefanya mwenzako," alijibu Abilahi.

"Mwenzangu nani?"

"Hatumjui jina. Ila anatoka kwenu. Swali la mwisho, na useme kweli. Kilichokuleta?"

"Nimekuja kuulizia habari za mtu. Kimyakimya, asijue."

"Jasusi!" Kifungu akasimama, kikombe kikamwagika.

"Nani kakutuma?" Abilahi alikuwa amevimba kama kitambaa kilichopata upepo.

"Dada yangu."

"Dada yako yuko wapi?"

"Milola. Ana binti yake, ameposwa huku. Nami ndiye mjomba, ikabidi nije nione anakopelekwa. Naitwa Abdurahmani. Huyo mposaji ni fundi cherehani, wananiambia hukaa benchi hili. Abilahi. Mnamfahamu?"

Haruna, bila kutazama, alikirudisha kikapu upande wa pili wa kamba kwa kidole kimoja. Kifungu akaketi na kugundua kasoro kwenye kiatu chake.

Abilahi akapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee akaitazama kamba.

"Shikamoo, mjomba! Shikamoo!"

"Hiyo shikamoo ijaze fomu kwanza," alisema mzee Abdurahmani.

Hapo mipaka ya taifa ikafutika. Abilahi aliing'oa futikamba kwa nguvu hadi meza ikayumba na chapati mbili zikaenda uhamishoni. Alimkalisha mzee katikati ya benchi, akamfuta vumbi, akaanza kumpima mabega ili amshonee kanzu palepale. "Mjomba, mimi si mtu wa hivi. Waulize watu. Mimi nilipinga! Nilisema ni uonevu, Bi Mitandao shahidi!"

"Kweli alipinga," alisema Fortunata, akimpa mzee maji. "Kabla hajapewa cheo."

Mzee akanywa maji yote. Akaomba kahawa, akanywa vikombe viwili, wote tumesimama mbele yake kama wanafunzi waliokamatwa na mkaa wa kuchomea viazi bwenini. Abilahi jasho lilikuwa likimtoka hadi kwenye kola.

"Nimeuliza habari zako kwa watu wanne," alisema hatimaye. "Ndani ya basi wawili, stendi wawili. Wote wamekusifu. Mpole, msafi, anaswali, hana neno na mtu. Nikajisemea, huyu ni hatari. Mtu asiye na kasoro amezificha. Nikataka kurudi na basi hilohilo."

"Mjomba..."

"Sasa nimeiona. Wewe ni mjinga. Si mwizi, si mlevi, ni mjinga tu wa kawaida, mtu wa kufuata upepo wa benchi. Ujinga tunauweza. Kwetu tunao wengi wa namna hiyo, na Umi ana mdomo wa kuwatosha wote. Umekubaliwa."

Abilahi akamkumbatia mzee, akamkumbatia Haruna, akamkumbatia hata Kifungu. Fortunata akapiga kigelegele kilichosimamisha bodaboda tatu.

"Subirini," alisema mzee. "Harusi itafanyika Sudi, nyumbani kwangu. Ng'ombe nimeshamtenga, na wapishi wangu wa pilau mtawasikia. Bwana harusi nitampa kibali maalumu, kwa kuwa bila yeye shughuli haifungiki. Ila watu wengine wa Kilwa Masoko ni marufuku kuingia."

"Haa!" Kifungu aliruka kuliko wote. "Marufuku kwa kosa gani? Mimi ndiye niliyeshika kamba?"

"Hukushika."

"Nimegusa kikapu?"

"Hukugusa. Alishika na kugusa mtu wa kwenu."

"Lakini huo ni ubaguzi! Mzee, mtu anahukumiwa yeye kama yeye! Haki za binadamu! Kifungu cha..." Akatafuta namba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaikosa.

"Mimi nilipiga kura ya hapana," alisema Fortunata.

"Najua, mama. Lakini mlangoni vijana wangu watajuaje? Wataona tu anayetoka Kilwa Masoko."

Kisha Kifungu akakohoa, akanyoosha shati.

"Kusema kweli," alisema polepole, "mimi hapa Masoko nimepita tu. Kwetu Newala. Nipo hapa kikazi."

"Umestaafu mwaka wa kumi huu!" alisema Fortunata.

"Nasubiri usafiri."

"Hata mimi," alisema Haruna, "bibi mzaa mama ni wa Milola. Yaani damu ya bi harusi kabisa. Kilwa nimeletwa mdogo, sikuulizwa."

"Nachingwea," alisema Fortunata, mkono juu. "Tena na cheti ninacho."

Mzee Abdurahmani akainuka, akachukua kikapu chake, akamwambia Abilahi amwonyeshe chumba atakachoishi mpwa wake. "Mimi napokea karatasi tu," alisema akiondoka. "Mwenye barua ya mtaa inayosema hatoki Kilwa Masoko, aje ale."

Benchi likatawanyika kabla vumbi la kandambili zake halijatua. Haruna aliacha birika jikoni likichemka peke yake. Nilipofika ofisi ya mtaa nikiwa na barua yangu niliyojiandikia, ikisema natoka Songea, foleni ilikuwa imeshazunguka jengo, imewachukua na yule mwendesha bodaboda na fundi baiskeli, kila mmoja akimweleza mwenzake jinsi alivyo mgeni hapa.

Mwenyekiti wa mtaa alitoka akiwa amekunja uso. Akauliza kuna nini kilichowafanya watu wote wa mtaa wake waukane mtaa wake kwa siku moja. Akaambiwa habari za ng'ombe, za Sudi na za wapishi wa pilau.

Akafikiri. Akafunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni, akaja akasimama nyuma yangu kwenye foleni.