Ombi la Kurudishiwa Goti Bovu la Mume Wangu

Wilhelmina Kashindye,
Kirumba, Mwanza.
9 Agosti, 1994.

Daktari Msimamizi,
Utafiti wa Magoti na Presha,
Mwanza.

Ndugu Daktari,

Shikamoo. Kwa umri wewe ndiye wa kuniamkia mimi, lakini nimeliamkia hilo koti lako jeupe.

Mimi ni mke wa Chenge, mshiriki namba 27, yule aliyetegua goti akicheza ngoma na jembe mkononi kama kijana wa miaka ishirini, ilhali ana hamsini na nane. Mlimpokea mwezi Machi akichechemea. Naandika kulalamika rasmi kwamba mmemponya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fomu yenu iliahidi kwamba utafiti hautamdhuru mshiriki wala familia yake. Goti lilipokuwa bovu, mume wangu alikaa jikoni, mguu juu ya kigoda, akinichambulia mchele na kunisimulia vituko vya utoto wake Magu. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa sikuwahi kujua kwamba anajua kuchambua mchele! Nilicheka hadi majirani wakauliza kuna nini. Sasa kigoda kimebaki, mwenyewe hayupo, na nyumba imenielemea kwa ukimya.

2. Mimi pia ni mshiriki wenu, namba 41, upande wa presha. Nimezilinganisha kadi zetu mbili. Goti lake lilipokuwa halikunjiki kabisa, presha yangu ilikuwa 125 kwa 80. Lilipokunjika nusu, ikafika 150. Siku alipochuchumaa mbele yenu mkampigia makofi, mimi nilisoma 180 kwa 110. Nesi Gladness akaniambia nipunguze chumvi. Daktari, chumvi haijavaa njuga ikaenda Kisesa.

3. Kila Jumamosi tangu mavuno yuko huko Kisesa kwenye mashindano ya ngoma. Mimi nauza mapanki ya kukaanga, yale mabaki ya sangara, sokoni Mwaloni, na wateja hawanunui kabla ya kunipa habari: Chenge karuka, Chenge kazunguka, akina mama wamemtunza kanga. Kanga yenyewe kaileta nyumbani nimfulie.

4. Fomu inasema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Aliyetia sahihi ya shahidi ni mimi. Isitoshe, ng'ombe kumi na wawili wa mahari yangu aliwaswaga Chenge mwenyewe, kwa miguu, kutoka Magu hadi kwetu Misungwi. Kwa hiyo magoti yale yamo ndani ya mahari, na mahari ni ya ukoo wetu. Kwa niaba ya ukoo, nalitoa goti katika utafiti. Lirudishwe kama mlivyolipokea.

Sisemi mlivunje, mimi ni Mkristo. Lilegezeni kiasi cha kufika jikoni na kanisani tu.

5. Siko peke yangu. Paskazia, jirani yangu, mumewe mlimtibu kifundo cha mguu, naye siku hiyo hiyo akaenda kuazima baiskeli. Tumefika wanawake kumi na tisa. Mkikataa, basi hizi ni siku za ruksa na soko huria: tutaanzisha utafiti wetu wenyewe. Tutathibitisha kitaalamu kwamba mume mmoja aliyekaa, asubuhi na jioni baada ya chakula, anashusha presha kuliko vidonge vyenu vyote.

Nisalimie Nesi Gladness, dereva wenu Nurudin, na yule mlinzi anayetuzuia getini kwa sababu ya ndoo za samaki. Mwambieni tunamwombea apate pua nyingine.

Ni mimi mshiriki wenu mtiifu, mwenye presha,

Wilhelmina Kashindye

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Chenge ameletwa sasa hivi juu ya mkokoteni. Safari hii ni goti la pili, limevimba na halishikiki. Anajidai kunitania ili nisiogope, lakini jasho linamtoka na hataki kuuachia mkono wangu. Daktari, yaache yote niliyoandika hapo juu. Barua hii nimeileta mwenyewe, tuko nje ya geti. Mponye. Mponye haraka, hata kama Jumamosi atakwenda tena Kisesa. Mimi msinipime leo.