Kengele ya Chini ya Kibao

Wizara ina furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia sasa hakuna kitu kitakachofichwa mlimani bila kufuata utaratibu.

Nasema haya kama Afisa Msaidizi wa Utafutaji, kazi niliyoipata nilipotoka chuoni, na ambayo bado naamini itabadilisha maisha ya watu. Muda mrefu vijana walikuwa wakipanda mpaka pale mwambani, unapoliona bonde lote mpaka ziwani, kusaka vikopo vilivyofichwa na wenzao. Simu inakuelekeza, unapekua mawe, unakipata, unacheka, unakirudisha. Hawakuwa na msimamizi hata mmoja. Hali ilikuwa mbaya.

Mkurugenzi wetu akaamua kuurasimisha mchezo: mwamba uzungushiwe uzio, na wakazi wa mteremkoni wapite kwa kibali. Mmoja wao ni shangazi yangu, aliyenilea, na ambaye huchungia mbuzi wake pale juu.

"Kwa hiyo na mbuzi wataomba kibali?" akaniuliza.

"Suala la mbuzi bado linajadiliwa, shangazi."

"Haya. Mkimaliza, waambieni wenyewe. Mimi hawanisikii."

Nilimtuliza. Kanuni, niliyoiandika mwenyewe kwa moyo safi, inadai ridhaa ya wananchi, na ridhaa hupimwa kwa makofi siku ya uzinduzi. Wakipiga, uzio unajengwa. Wasipopiga, mradi unafutwa. Mkurugenzi aliipenda sana kanuni hiyo, kwani katika utumishi wake wote hajawahi kuhutubia asipigiwe makofi.

Ili uzinduzi ufane, ilibidi asake kikopo yeye mwenyewe. Shangazi akajitolea kukificha. Kidokezo chake kilikuwa kifupi: "Nipo chini ya uongo." Kamati ikapekua mlima mzima na kuripoti kwamba eneo halina uongo. Kibao cha historia kilichosimama pale mwambani haikukigusa, maana ni mali ya wizara. Kinasema: "Hapa mababu walikusanyika kwa furaha kuwalaki maafisa wa kwanza wa serikali."

Siku ilipofika, watu walijaa chini ya turubai. Mkurugenzi akaingiza namba za mahali, alizopewa na shangazi asubuhi hiyo, akaifuata simu yake, ikamzungusha weee, ikamsimamisha mbele ya kibao.

"Simu hii ina hitilafu," akasema.

"Inama tu, mheshimiwa," akasema shangazi. "Simu haijui cheo."

Akainama. Akatoa kopo la maziwa ya unga, na ndani yake kengele ya chuma, nyeusi kwa uzee.

"Hii ya nini?"

"Ya mababu. Waliipiga kila maafisa walipoonekana bondeni."

"Kuwalaki. Safi sana. Nami niipige, tuienzi historia."

"Ipige, baba. Kwa nguvu."

Sasa, watoto wote wa mteremkoni tumelelewa na mchezo mmoja: kengele ikilia, potea. Hatukuwahi kuuliza ulianzia wapi.

Mkurugenzi akapiga.

Viti vikabaki vitupu. Kina mama na watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, wote wakamezwa na nyufa na vichaka. Fundi wa vipaza sauti, mtoto wa jirani yetu, aliondoka na waya shingoni. Mimi nilijikuta nimechutama nyuma ya jiwe, nimemshika shangazi mkono, kitambulisho cha kazi kikining'inia kifuani.

Mkurugenzi aliisoma hotuba yote, kwa kuwa ilikwisha kuidhinishwa. Akafika "asanteni kwa kunisikiliza," akangoja makofi.

Mbuzi mmoja akapiga chafya.

"Wananchi, najua mpo," akasema. Akaanza kuinua mawe, moja moja, akitazama simu. "Afisa wa Utafutaji yuko wapi?"

"Unaitwa," shangazi akaninong'oneza.

"Nasikia," nikamjibu. "Lakini kilichofichwa hakisemi kilipo, shangazi. Ndio utaratibu."