Kamati ya Diski Iliyojaa Hewa

"Idara ya Kumbukumbu inayo heshima kuutangazia umma kwamba diski kuu imejaa, na kujaa huko ni ushahidi wa kazi nyingi inayofanyika."

Tangazo lilibandikwa kwenye dirisha la kusajili watoto wachanga, lililofungwa siku hiyohiyo kwa kukosa mahali pa kuweka majina.

Fundi wa mitambo, mama mtulivu, alilisoma mara mbili. Mjukuu wake alikuwa na wiki tatu bila cheti. Kwa serikali alikuwa hajazaliwa, ingawa alilia kama aliyezaliwa.

Na diski haikujaa. Fundi alijua. Kila kitengo kilikuwa kimezungushiwa eneo lake, litumike lisitumike. Mtu anatandika mkeka wa watu kumi, analala peke yake pembeni, ukipita unaambiwa pamejaa.

Mkurugenzi aliunda kamati. Ikakaa wiki mbili, ikahifadhi mihtasari kwenye diski hiyohiyo, nakala tisatisa, pamoja na video ya ufunguzi. Hatimaye ikapendekeza fundi aulizwe.

"Tuweke kanuni, Mheshimiwa," alisema fundi. "Eneo lisiloguswa siku tisini lirudishwe, litumike kwa umma."

"Bila huruma! Umeweka rufaa?"

"Hapana."

"Usiweke. Anayelitaka tena ajaze fomu, apange foleni dirishani, asubiri siku tisini. Anza na wahasibu, wachoyo wale."

Akasaini kwa wino wa kijani, kanuni ikabandikwa ukutani kando ya dirisha.

Mtambo ulipekua kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Wahasibu walikutwa na kieneo kama kiganja. Nusu nzima ya diski ilikuwa eneo moja, limeandikwa "Maono ya Mkurugenzi". Ndani mlikuwa na faili moja. Ndani ya faili, kichwa cha habari. Chini ya kichwa, hamna kitu. Liliguswa mara ya mwisho miaka sita iliyopita.

Fundi alifuata kanuni. Kwa uadilifu, alikinakili kile kichwa kwenye karatasi, akamwekea bosi mezani.

Saa nane dirisha likafunguliwa.

"Mama, si wewe mwenye mtambo? Tupitishe," alinong'ona binti yake, mtoto begani.

"Panga foleni, mwanangu. Hata wewe nilikusubiri miezi tisa."

Wakaitwa wa arobaini na moja. Fundi alikishika cheti kwa ncha za vidole, wino usichafuke.

Hapo Mkurugenzi akatokea na karatasi yake.

"Fundi! Maono yangu yako wapi?"

"Si hayo mkononi, Mheshimiwa? Yameenea yote humo, na nafasi imebaki."

"Na eneo langu?"

"Fomu zile pale. Foleni inaanzia nyuma ya yule dada mwenye mapacha."

Mkurugenzi alitazama saini yake ya kijani ukutani. Akasogea nyuma.

"Afadhali umekuja, baba," dada alimwambia. "Nishikie huyu, nijaze fomu."

Akashikishwa pacha. Watumishi wote walitoka ofisini kutazama, maana ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya kazi kwa mikono miwili.